Fidla ya Jazi na Nyimbo za Jadi za Kijapani: Mseto au Mparaganyo?

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akitajiwa nyimbo za kazi, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye kimai cha mabaharia, vave ya wakulima na hodiya za watwangaji na wapagazi. Ni nadra awafikirie wavuvi wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hata hivyo wavuvi hao nao walikuwa na hodiya yao. Waliiita Soran Bushi, na waliiimba walipokuwa wakiteka samaki aina ya heringi kutoka katika nyavu kubwa na kuwatia mashuani. Mmoja aliongoza, wenzake wakaitikia kwa miito ambayo haina maana yoyote ya kikamusi lakini ilikuwa na kazi kubwa ya kuipatanisha mikono ya watu wengi ivute kwa pamoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 heringi walikuwa wamekwisha kutoweka katika pwani hizo. Wimbo haukutoweka. Watoto wa shule wameufanya ngoma ya kuchezwa viwanjani, na mwaka 2015 mpiga fidla Tomoko Omura, Mjapani aliyejijengea jina jijini New York, aliutia katika albamu yake iitwayo Roots, yaani mizizi, pamoja na nyimbo nyingine za kwao, zote zikiwa zimepangwa upya kwa ajili ya kundi la jazi.

Je, wimbo huo ungali ni uleule? Swali hili si geni kwa msomaji wa jarida hili, maana ni ndugu wa lile lililoulizwa kuhusu ushairi wa Kiswahili Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974. Wakati ule walisimama waliodai kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi, na wakasimama pia waliowajibu kwamba lugha haina polisi. Tofauti ni kwamba katika suala la Japani, jambo lililo hatarini si umbo la utungo peke yake. Wimbo umeondolewa katika mashua, ukaondolewa katika kinywa, hatimaye ukaondolewa katika maneno yake, ukakabidhiwa upinde na nyuzi nne. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba mseto wa fidla ya jazi na nyimbo za jadi za Kijapani ni halali na mara nyingi ni mzuri, lakini kwa sharti moja zito. Kanuni za wimbo wa jadi lazima ziibadilishe jazi yenyewe. Zikibaki kuwa ushanga wa kuivisha jazi shingoni, basi hapo pana mparaganyo na wala si mseto. Aidha, hata pale sharti hilo linapotimizwa, kuna hasara moja ambayo watetezi wa mseto hupenda kuikwepa.

Kwanza, hoja ya usafi. Wapo wanaoamini kwamba nyimbo hizi zilikuwa safi tangu enzi na enzi hadi wageni walipokuja kuzichafua. Hoja hiyo haina miguu. Hata neno min'yo, ambalo ndilo Wajapani hulitumia kuziita nyimbo za jadi za wananchi, lilienea mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, wasomi walipokuwa wakitafuta tafsiri ya neno la Kijerumani Volkslied. Waimbaji wenyewe hawakuwa wakiziita hivyo. Waliziita kwa kazi zake na kwa mahali pake. Kuna hata kisa cha kuchekesha. Katika jimbo la Shizuoka, ambako Omura anatoka, wimbo unaosifika kuwa ndio wimbo wa wenyeji ni Chakkiri Bushi, wimbo wa majani ya chai. Wimbo huo ulitungwa mwaka 1927. Maneno yake ni ya mshairi Kitahara Hakushu, na ulitungwa kwa ombi la kampuni ya reli iliyotaka kuitangaza bustani yake ya starehe. Kwa maneno mengine, ni tangazo la biashara lililozeeka likaheshimika. Hakuna aibu katika hilo. Wimbo huwa wa jadi pale watu wanapoukubali na kuurithishana, si pale cheti cha kuzaliwa kinapopotea.

Kadhalika fidla si mgeni aliyeingia Japani jana. Mtu aliyeanzisha utengenezaji mkubwa wa fidla nchini humo, Suzuki Masakichi wa Nagoya, alikuwa mwana wa fundi wa shamisen, kile kinanda cha nyuzi tatu kinachosindikiza nyimbo nyingi za Kijapani, na yeye mwenyewe alifunzwa ufundi huo kabla ya kuanza kuchonga fidla mwaka 1887. Mwanawe, Shinichi Suzuki, ndiye aliyebuni mbinu ya kuwafunza watoto fidla kwa njia ileile wanayojifunzia lugha mama, yaani kusikia na kuiga kwanza, kisha kusoma noti baadaye. (Walimu wa lugha wanaoanza na sarufi ubaoni wangefaidika kumsoma.) Mwishoni mwa enzi ya Meiji, waimbaji wa mitaani walioitwa enkashi, ambao tungo zao za kejeli ziliwachoma wanasiasa, walishika fidla wakazunguka nazo vichochoroni. Kwa hiyo fidla ilikwisha kuongea Kijapani cha mtaani kabla ya jazi kuwasili.

Isitoshe, Wajapani walikuwa na chombo chao wenyewe cha kupigwa kwa upinde, nacho ni kokyu. Kwa umbo kinafanana na shamisen ndogo, kwa tabia ni jamaa wa zeze. Mpigaji wake hufanya jambo ambalo mpiga fidla hawezi: badala ya kuuinamisha upinde ili kuufikia uzi mwingine, yeye hukizungusha chombo chenyewe juu ya mguu wake, upinde ukabaki katika njia ileile. Sauti yake ni nyembamba, ya kulia, karibu na sauti ya mtu aliyemaliza machozi.

Hapo ndipo inapoonekana sababu ya fidla kuufaa mseto huu kuliko piano. Piano ina vibonye, na baina ya kibonye na kibonye hakuna njia. Wimbo wa jadi wa Kijapani unaishi katika njia hizo. Waimbaji wa min'yo hutumia mapindo ya sauti yaitwayo kobushi, ambapo silabi moja huvutwa, ikapindwa, ikatikiswa, ikashuka kwa kuteleza kabla ya kutua. Fidla haina vigawanyo katika shingo yake. Kidole kinaweza kusimama popote na kuteleza kutoka popote. Wapiga fidla wa jazi walikwisha kuitumia sifa hiyo kwa madhumuni yao. Joe Venuti aliithibitisha katika miaka ya 1920, Stuff Smith akaifanya fidla iungurume, naye Stéphane Grappelli, akiwa na Django Reinhardt katika kundi lililoanzishwa Paris mwaka 1934, akaifanya icheke. Mtelezo wa mwimba bluzi na mpindo wa mwimba min'yo si kitu kimoja, lakini ni jamaa wanaotambuana wakikutana njiani.

Ngazi za noti nazo zina maneno yake. Nyimbo nyingi za Kijapani hutumia noti tano. Msomi Koizumi Fumio, katika kazi yake ya mwaka 1958, alionyesha kwamba ngazi hizo hujengwa kwa vipande vidogo vyenye nguzo mbili zilizo imara, na noti moja ya katikati ambayo ndiyo huhama na kuleta tofauti kati ya wimbo wa mashambani, wimbo wa mjini na wimbo wa Okinawa. Sasa, jazi ina mazoea ya kurundika sauti nyingi chini ya kila noti. Mpangaji asiye mwangalifu huuchukua wimbo wa noti tano, akautandikia godoro nene la sauti za Kimagharibi, na zile nguzo mbili zikazama. Kinachosikika baada ya hapo ni jazi ya kawaida iliyopita karibu na mkahawa wa Kijapani. Mpangaji mwangalifu huacha nafasi. Huiacha fidla isimame peke yake juu ya uzi mmoja wa besi, sikio lizitambue nguzo, kisha huanza kujenga kwa uchache.

Mfano ulio wazi zaidi ni Antagata Dokosa, ambao pia umo katika Roots. Huu ni wimbo wa watoto wa kudundisha mpira, na unahusishwa na Kumamoto. Mtoto hudundisha mpira akiimba, na kila anapoifikia silabi fulani ya mwisho wa kipande huupitisha mpira chini ya mguu. Kwa kuwa silabi hiyo haiji baada ya hesabu iliyo sawa, mapigo ya wimbo hubadilika badilika: mara mawili, mara matatu, bila kuomba ruhusa. Wanajazi wa kisasa hutumia miaka wakijifunza kucheza katika mapigo yasiyo sawa, na wengi huyavaa kama medali. Hapa mapigo hayo yamo katika mchezo wa mtoto. Kundi la jazi linalouchukua wimbo huo halina haja ya kuutia ugumu wowote. Linatakiwa tu lisiunyooshe. Kundi likiufuata jinsi ulivyo, kanuni za Kijapani zinakuwa zimewaongoza wanajazi, na sharti lililotajwa hapo mwanzo limetimia.

Aliyelitimiza sharti hilo mapema zaidi, na kwa upana zaidi, hakuwa mpiga fidla. Alikuwa mpiga piano na mtunzi Toshiko Akiyoshi, aliyezaliwa Manchuria mwaka 1929 na kwenda Marekani mwaka 1956 kusoma katika chuo cha Berklee, Boston. Watazamaji wa Marekani walimshangaa: mwanamke, Mjapani, anapiga jazi! Mwaka huohuo alionyeshwa katika televisheni akiwa amevaa kimono. Hiyo ndiyo hatua ya ushanga, na ni vyema ikumbukwe kwamba ushanga huo aliutiwa zaidi na macho ya watazamaji. Ilimchukua takriban miaka ishirini kuivuka. Mwaka 1973 aliunda bendi kubwa Los Angeles pamoja na mumewe, Lew Tabackin, na mwaka 1974 wakatoa Kogun. Kibao kilichoipa albamu hiyo jina kinamhusu Hiroo Onoda, yule askari wa Kijapani aliyekaa msituni katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, takriban miaka 29 baada ya vita kwisha, hadi mkuu wake wa zamani alipokwenda mwaka huohuo wa 1974 kumwamuru aweke silaha chini. Ndani ya kibao hicho zimo sauti za waimbaji wa tamthilia ya Noh na ngoma ndogo ziitwazo tsuzumi, zikikatiza bendi ya shaba bila kuipigia magoti. Miaka miwili baadaye alitoa utunzi mrefu kuhusu Minamata, mji ambao wakazi wake waliuawa na kulemazwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Unaanza kwa sauti ya mtoto.

Tazama kilichotendeka hapo. Akiyoshi hakuongeza sauti za Noh ili bendi isikike ya Mashariki. Alikuwa na jambo la kusema, na jambo lenyewe lilimlazimu: upweke wa askari aliyesahauliwa na wakati hauwezi kuelezwa kwa mbwembwe za tarumbeta peke yake. Kigezo hiki kinafaa kutumiwa na mhakiki yeyote. Je, kipengele cha jadi kikiondolewa, utunzi unapungukiwa na maana au unapungukiwa na rangi tu? Kwa kigezo hicho rekodi nyingi zilizofanywa katika miaka ya 1960, wakati koto na shakuhachi zilipokuwa zikitafutwa na wanajazi kwa hamu, zitaanguka. Si zote. Sakura Sakura ya mpiga ngoma Hideo Shiraki, iliyorekodiwa Berlin mwaka 1965 pamoja na wapiga koto watatu, ina mahali ambapo koto zinaibishia bendi. Ginkai ya mpiga shakuhachi Hozan Yamamoto, ya mwaka 1970, ina ukimya ambao jazi haikuwa nao hapo kabla. Lakini kwa kila moja ya hizo zipo kadhaa ambamo koto ni uvumba uliochomwa mlangoni ili mgeni ajue kwamba ameingia nyumba ya Kijapani.

Kuna pia suala la wenyewe. Jazi si mali ya Wajapani, wala haikuzaliwa katika hewa tupu. Ni uzao wa Wamarekani Weusi, na ina makovu yao. Mwanzoni mwa mwaka 1943 serikali ya Japani ilipiga marufuku takriban vibao elfu moja vya Marekani na Uingereza kwa kuwa ni muziki wa adui. Miaka michache baada ya hapo vijana wa Kijapani walikuwa wakitafuta riziki kwa kuupiga muziki huohuo mbele ya majeshi yaliyowashinda. Anayeichukua jazi na kuichanganya na nyimbo za bibi yake anabeba madeni mawili. Akiyoshi alilijua hilo, na mfano aliouelekeza macho ulikuwa Duke Ellington, mtu aliyeandika muziki akijivunia rangi na historia ya watu wake. Ndiyo kusema alichokopa kwa Weusi wa Marekani ni zaidi ya mtindo: ni ile haki ya kwenda na kwao mahali popote. Regina Carter, mpiga fidla Mwafrika-Mmarekani, alifanya safari ya kuelekea upande wa pili katika Reverse Thread ya mwaka 2010, alipochukua tuni za Afrika, mojawapo ikiwa ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Anayemkubalia Carter hana njia ya kumkatalia Omura.

Sasa hasara iliyotajwa. Nyimbo nyingi za min'yo zina arudhi inayojulikana: mizani saba, saba, saba, kisha tano. Ile tano ya mwisho ndiyo kufuli; hapo ndipo mzaha unapofyatuka, au huzuni inapoteremka, sawa na kituo katika shairi la Kiswahili. Fidla inapoupiga wimbo huo, mapigo ya mizani hubaki lakini kilichomo ndani ya kufuli hakipo. Hadhira ya New York haitajua kwamba mvuvi alikuwa akimuuliza shakwe habari za samaki, wala kwamba baadhi ya beti za Soran Bushi zilikuwa na matusi ambayo waandaaji wa vitabu vya shule waliyafyeka. Tena ile jozi ya kiongozi na waitikiaji, ambayo katika hodiya ndiyo roho, inageuka kuwa fidla na ngoma zinazoongea jukwaani huku hadhira imeketi kimya na kushika glasi. Fanani amebaki, hadhira imepokonywa kazi yake. Kwa mwanafasihi hili si jambo dogo, na kulijibu kwa kusema ati muziki ni lugha ya ulimwengu ni kukwepa swali. Muziki si lugha ya ulimwengu. Kama ungekuwa hivyo, kobushi isingehitaji miaka ya kujifunza.

Omura mwenyewe alielekea kwenye tatizo hili kwa njia ya kuvutia. Baada ya nyimbo aligeukia ngano. Katika Branches, juzuu ya kwanza iliyotoka mwaka 2020, zimo tungo zinazotokana na hadithi za jadi: kisa cha mtoto wa hekalu anayefukuzwa na zimwi la kike la mlimani na kujiokoa kwa hirizi tatu, kisa cha binti anayerudi mwezini, na kisa cha sungura anayelipiza kisasi (jamaa huyu naye kumbe yuko kila mahali!). Ngano haifungwi na maneno yaleyale kila inaposimuliwa. Ina muundo, ina mfuatano wa matukio, nayo humruhusu msimulizi kubuni papo hapo mradi hirizi zibaki tatu na zimwi lisishinde. Huo karibu ndio ufafanuzi wa jazi. Fidla inaweza kuisimulia ngano bila kuisaliti kwa kiasi kile inachousaliti wimbo. Hapa mseto umepata ardhi yake iliyo bora, na inashangaza kwamba wanajazi wengi wangali wanaking'ang'ania kibao kilekile cha maua ya mcheri.

Wasomaji wa pwani ya Kenya hawana haja ya kwenda Tokyo kuyathibitisha haya. Fidla imo katika taarabu, imefunzwa kulia kwa mapindo ya Misri na ya Pwani, na hakuna anayeiita ya Kizungu. Taarabu ya Mombasa iliwahi pia kukipokea chombo cha nyuzi chenye vibonye kama vya taipureta, kiitwacho taishokoto. Chombo hicho kilibuniwa Nagoya, mji uleule wa fidla za Suzuki, mwaka 1912. Kilipofika huku hakikubaki na wimbo wake wa Kijapani; kilitiwa katika bahari za mashairi ya Kiswahili kikatakiwa kuzifuata. Waliokipiga hawakuandika tasnifu kuhusu mseto. Walisikiliza maneno ya mshairi kwanza, kisha wakatafuta vibonye.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 3 Septemba, wakazi wa Yatsuo katika jimbo la Toyama hucheza usiku kucha katika tamasha la Owara Kaze no Bon. Wageni husafiri kutoka mbali ili kuisikia kokyu ikilia nyuma ya waimbaji, na wengi huamini kwamba sauti hiyo ndiyo Owara yenyewe. Kokyu iliingizwa katika Owara mwishoni mwa enzi ya Meiji, katika miaka ileile ambayo enkashi walikuwa wakizunguka mitaani na fidla zao.